Anwani Yangu Imezidi Fomu

Waya mmoja wa chumba chetu cha seva una uwezo wa kupitisha biti bilioni 40 kwa sekunde. Ndiyo namba iliyoandikwa kwenye karatasi yake, na ndiyo namba ambayo mkuu wetu wa idara huwatajia wageni huku amefumba macho kidogo. Majuma yake ya kwanza hapa Dar es Salaam, waya huo haukupitisha hata salamu.

Teknolojia yenyewe inaitwa InfiniBand. Ilizaliwa mwaka 1999, pale kambi mbili za wakubwa wa kompyuta zilipochoka kuviziana: huku Intel, Microsoft na Sun, kule Compaq, IBM na HP. Kila kambi ilikuwa na mpango wake wa kuunganisha vifaa ndani na nje ya seva, wakaamua kuichanganya mipango hiyo iwe mmoja. Ahadi zilikuwa nzito. Ingechukua nafasi ya njia za zamani ndani ya kompyuta, ingeifukuza Etheneti nje, diski na mitandao vyote vingepita humo. Kufika mwaka 2002 Intel ilikwisha jitoa kwenye kutengeneza chipu zake, na Etheneti ikaendelea kula chakula chake kwa amani.

Waliobaki nayo ni wenye kompyuta kubwa kupindukia. Mwaka 2003 chuo cha Virginia Tech huko Marekani kilichukua kompyuta 1,100 za Apple, zile za kuweka mezani, kikazifunga kwa nyaya hizo, na zikashika nafasi ya tatu katika orodha ya kompyuta zenye nguvu kuliko zote duniani. Mwaka 2008 ikaja Ranger ya Texas, seva 3,936 zilizozungumza kwa InfiniBand. Ilipostaafu mwaka 2013, baadhi ya makabati yake yaligawiwa vyuo vya Afrika, na Tanzania ilikuwamo.

Sisi hatukupata kabati la Ranger. Tulipata ndugu wa mbali wa ukoo huo: seva nane na swichi moja ya poti 36, kutoka chuo cha ng'ambo kilichokuwa kikinunua mpya. Swichi ilipowashwa mara ya kwanza, mlinzi wa zamu alikuja mbio akidhani jenereta limewaka lenyewe. Ni feni tu. Mashine hizi zilitengenezwa na watu ambao hawakutegemea kukaa nazo chumba kimoja.

Kazi yake ni mvua. Tunaendesha modeli ya hali ya hewa iitwayo WRF, ambayo hukata ramani ya nchi vipande vipande na kuigawia kila seva kipande chake. Tatizo ni kwamba wingu halina adabu ya mipaka. Mvua ikianza kipande cha seva ya tatu, seva ya nne lazima ijulishwe, na ijulishwe sasa hivi, kabla ya hesabu ya hatua inayofuata. Kwa hiyo seva hizo hazifanyi kazi ila kwa kusengenyana bila kupumua, maneno mafupi mafupi, mamilioni kwa mamilioni. Ndipo InfiniBand inapostahili heshima yake. Ujumbe unachukuliwa kutoka kumbukumbu ya seva moja na kuwekwa moja kwa moja kwenye kumbukumbu ya nyingine kwa muda wa sehemu chache tu za milioni ya sekunde, bila mfumo endeshi kuombwa ruhusa.

Hayo yote, ukiwa na nyaya.

Seva zilikuja bila nyaya. Nikajaza ombi: nyaya kumi za InfiniBand, vichwa vya QSFP, mita tatu. Nikalipeleka Ugavi.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu.” Mzee wa Ugavi alilisoma akiwa amevua miwani, dalili kwamba hajakubaliana nalo. “Waya wa mtandao Kariakoo shilingi elfu tano. Huu wako kwenye proforma una bei ya mbuzi. Ni wa dhahabu?”

“Wa shaba, mzee.”

“Shaba hata Kariakoo ipo.”

Akarudi na nyaya kumi za buluu, nzuri kwa kweli, za Etheneti ya kawaida, vichwa vyake vidogo vya plastiki vikiwa bado na vumbi la duka. Muuzaji alimwapia kwamba hizo ndizo za kasi, na imeandikwa hata kwenye ganda. Nikamweleza kwamba kichwa ninachotaka ni kipana na bapa, cha chuma. Akaondoka, akarudi na nyaya za televisheni. Hapo nilikubali kwamba kosa si lake: maelezo yangu yalikuwa yanaufaa waya wa televisheni kuliko waya wangu.

Zilipofika zile za kweli, nene kiasi cha kidole gumba, Mzee alikuwa tayari amezikunja mkunjo wa makini, kila mmoja umefungwa mpira, ili zienee kwenye bahasha ya khaki. Waya wa namna hii haupendi kukunjwa. Ndani yake kuna njia nne, kila moja ya biti bilioni 10, na ukijeruhiwa haufi. Unajipunguza. Mmoja kati ya zile kumi hadi leo huamka na njia moja tu, na hausemi chochote. Taa zake zinawaka kwa bashasha ileile ya wenzake. Tumeuweka pembeni na karatasi iliyoandikwa “MGONJWA”, lakini kila akija kijana mpya wa mafunzo kwa vitendo huutoa na kuutumia, maana unaonekana mzima kuliko wote.

Basi tukachomeka. Taa za kijani zikawaka upande wote. Mkuu wa idara, ambaye sisi tunamwita Dokta, akapiga picha na kuituma kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi. Watu wakapongeza. Katibu muhtasi akaweka maua.

Taa ya kijani kwenye kadi ya InfiniBand maana yake ni kwamba umeme umeonana na umeme. Basi. Taa ya njano ndiyo yenye habari, na ya njano haikuwaka hata moja. Nikiuliza mashine hali ya poti zake, zote zilijibu neno moja: zinajiandaa. Zilijiandaa asubuhi, zikajiandaa mchana. Dokta alipita jioni akauliza, “Si zimewaka?” Nikamwambia zimewaka ila hazijaanza. Akanitazama kwa muda.

Tofauti na Etheneti, ambako ukichomeka kifaa kinaanza kupiga kelele chenyewe, mtandao huu ni ukumbi wa harusi usio na MC. Wageni wamefika, wamekaa, vyakula viko nyuma ya pazia, na hakuna atakayenyanyua kijiko mpaka mtu ashike kipaza sauti. MC wao ni programu inayoitwa meneja wa sabneti. Ndiye anayezunguka kila poti, anayempa kila mmoja namba yake ya kiti, anayechora njia za kupita. Swichi za bei kubwa huja naye ndani. Yetu ilikuja bila. Ukiiwasha programu hiyo, opensm, kwenye seva yoyote mojawapo, poti zote huamka ndani ya sekunde chache.

Kijana wa mafunzo, kwa bidii iliyomfanya nimpende na kumwogopa kwa wakati mmoja, akaiwasha kwenye seva zote nane. Nikashika kichwa, lakini itifaki ilikwisha mfikiria mtu wa aina yake. Mameneja wakiwa wengi hufanyika uchaguzi. Mwenye kipaumbele kikubwa ndiye mkuu. Vipaumbele vikilingana, anashinda mwenye namba ndogo ya kiwandani. Hakuna kampeni, hakuna fulana, hakuna kura za maoni. Walioshindwa wanakaa kimya, na kila baada ya sekunde kadhaa wanamuulizia mshindi kama bado yu hai.

Mpaka hapo nyaya zilikuwa zinafanya kazi, na bado hakuna mtu wa kawaida ambaye angeweza kuzitumia. Ulimwengu mzima wa programu tunazozijua, kuanzia ile ya kuingia kwenye seva nyingine hadi ile ya kugawana mafaili, unajua lugha moja tu, lugha ya anwani za IP. InfiniBand kwa asili yake haiijui na haijali. Hata zile programu za ukokotoaji zinazopita njia yake ya mkato, nyingi huhitaji anwani ya IP ili kutambulishana kwanza kabla hazijaanza kusengenyana.

Kwa hiyo unatengeneza kiolesura pepe. Unaambia Linux ijifanye kwamba juu ya waya huu kuna kadi ya mtandao ya kawaida, inaitwa ib0. Kadi hiyo haipo. Ni vazi tu ambalo waya wa kasi unavalishwa ili uweze kupita mtaani bila kushangaza watu. Taabu zangu zote zilizofuata zilitoka sehemu moja: vazi ni fupi, na kila ofisi niliyopita iliuona mguu.

Taasisi yetu ina sheria kwamba chochote chenye anwani ya IP lazima kisajiliwe. Fomu ni ya ukurasa mmoja: jina la kifaa, chumba, mhusika, anwani ya kadi. Sehemu ya anwani ya kadi ina visanduku 12, maana kadi yoyote ya Etheneti duniani ina anwani ya baiti sita, na baiti sita huandikwa kwa tarakimu 12. Kiolesura cha InfiniBand kina anwani ya baiti 20. Nikajaza visanduku, nikaendelea pembeni, nikageuza kona, nikamalizia kwenye sehemu ya “Kwa Matumizi ya Ofisi Tu”.

Kijana wa ofisi ya mtandao aliipokea kwa mikono miwili.

“Dada, anwani yako imezidi fomu.”

“Haijazidi. Ndivyo ilivyo.”

“Mfumo unapokea tarakimu 12. Labda tuipunguze.”

“Utapunguza wapi?”

“Mwishoni. Mwanzo si ndio muhimu?”

Akaingiza tarakimu 12 za mwanzo za seva ya kwanza, mfumo ukakubali kwa alama ya vema. Akaingiza za seva ya pili. Mfumo ukajibu kwamba kifaa hicho tayari kimesajiliwa. Ya tatu, vilevile. Alinigeukia taratibu, macho ya mtu aliyemkamata mwizi wa kuku na hajui aanzie wapi kuuliza.

Ukweli ni kwamba anwani hiyo imepangwa kwa namna ya kumkomoa. Baiti nne za mwanzo ni alama ya hali pamoja na namba ya foleni ya mawasiliano ndani ya kadi. Zinazofuata ni za sabneti, ambazo ni zilezile kwa kila aliye humo. Kinachoitofautisha seva moja na nyingine kimekaa mwisho kabisa, palepale alipokata. Na ile namba ya foleni, iliyo mbele, ina ruhusa ya kubadilika ukizima na kuwasha, kwa hiyo hata angeiandika yote angekuwa na anwani ambayo kesho inaweza kuwa nyingine. Nilimweleza yote hayo nikichora nyuma ya fomu. Alisikiliza kwa heshima. Mwisho akaniuliza kama hakuna InfiniBand ya anwani fupi.

Nikataka kumwonesha kwenye kompyuta yangu, kwa amri ya zamani ya ifconfig ambayo kila mtu wa rika langu vidole vyake huiandika vyenyewe. Ifconfig nayo ikaonesha baiti nane tu na kuomba radhi: mwongozo wake unakiri waziwazi kwamba haiwezi zaidi ya hapo. Kijana akaisoma, akatabasamu. Alikuwa amepata shahidi.

Jambo lililonifariji ni kujua kwamba hata wataalamu waliotunga sheria za intaneti walikwama dirisha hilohilo. Itifaki ya DHCP, ile inayogawa anwani za IP zenyewe bila mtu kuhangaika, ina nafasi ya baiti 16 za kuandikia anwani ya kadi. Kumi na sita, wageni ishirini. Mwongozo wa mwaka 2006 ukaamua kwamba kwa InfiniBand nafasi hiyo iachwe tupu, kifaa kijitambulishe mahali pengine ndani ya ujumbe. Yaani walikuja na jibu ambalo ofisi yetu ya mtandao ingewarudishia fomu. Seva zetu hatimaye zilisajiliwa kama kifaa kimoja kinachokaa sehemu nane, na kwenye safu ya maelezo kijana aliandika “ndefu”.

Kisha Dokta akaenda semina. Mimi sina ugomvi na semina, chakula huwa kizuri, ila mkuu wa idara hurudi na neno. Safari hii alirudi na “kutenganisha”. Watafiti wawe na mtandao wao, wanafunzi wawe na wao, wasionane. Nikamwambia nyaya ni zilezile. Akasema huko semina wametenganisha bila nyaya.

Alikuwa sahihi, inawezekana. Unampa meneja wa sabneti orodha ya makundi, kila kundi na ufunguo wake wa namba, halafu juu ya ib0 unazalisha violesura vitoto: ib0.8001 kwa watafiti, ib0.8002 kwa wanafunzi. Vazi juu ya vazi. Unaandika namba kwenye faili dogo ndani ya Linux, na kadi mpya ya mtandao inatokea hapo hapo, haina uzito wala bei. Kwa seva nane tukawa na violesura 24. Dokta alifurahi mno kuiona namba hiyo, akainakili. Kumbuka kwamba aliinakili.

Violesura vyote vikawa hai. Taa za njano zikawaka. Anwani zikakaa. Nikapiga pingi kutoka seva ya kwanza kwenda ya pili: kimya. Ya pili kwenda ya tano: kimya. Kijana wa mafunzo akasogeza kiti, akatazama skrini zote nane moja baada ya nyingine, akatoa uchunguzi wake wa kitaalamu.

“Dada, wamenuniana.”

Na sikumbuki maelezo bora kuliko hayo. Katika InfiniBand uanachama wa kundi ni wa daraja mbili. Mwanachama kamili huongea na yeyote. Mwanachama wa mipaka huongea na wanachama kamili tu. Akikutana na wa mipaka mwenzake, kila mmoja hutazama upande wake. Ni mpango mzuri kwa wateja wengi wanaotumia hazina moja ya data na hawapaswi kuchunguliana. Sasa, kwenye faili la makundi, usipotamka daraja, kila mtu anahesabika wa mipaka. Faili tulilorithi halikutamka. Tulikuwa na kundi la wanachama wanane, wote wa mipaka, wote wamevaa sare, ukumbini hamna wa kuongea naye. Neno moja likaongezwa na gumzo likaanza.

Nitapita haraka kwenye habari ya modi, kwa sababu bado inaniuma. Kiolesura cha ib0 kina hali mbili. Ile ya datagramu kwa kawaida hubeba vifurushi visivyozidi baiti 2,044, na ile ya kuunganishwa hufika 65,520. Ukitaka vifurushi vikubwa badilisha hali kwanza, kisha ongeza ukubwa. Ukianza na ukubwa, Linux inakujibu kwamba hoja yako ni batili. Haikuambii kwamba umetanguliza la nyuma. Niliwahi kutetea tasnifu mbele ya maprofesa watano, na hata wao walipoikataa hoja yangu walitoa sababu.

Jibu hilohilo, hoja batili, nililipata tena pale mwanafunzi mmoja wa uzamili alipotaka mashine zake pepe ziingie kwenye mtandao wa kasi. Kwa Etheneti hili ni jambo la dakika. Unajenga daraja la programu ndani ya seva, unapachika kadi upande mmoja na mashine pepe upande mwingine. Nikaliomba daraja limpokee ib0. Daraja likampima ib0 urefu wa anwani, likakuta baiti 20 badala ya sita, likafunga lango. Wale wa ofisi ya mtandao wangesimama na kulipigia makofi.

Kuna njia nyingine ya kistaarabu, ambayo kadi moja hujigawa na kujionesha kwa mashine pepe kama kadi nyingi, kila mashine ikapewa kipande chake. Inahitaji kipengele fulani kiwashwe kwenye mipangilio ya msingi ya seva kabla Linux haijaamka. Mipangilio hiyo ina nywila. Nywila alikuwa nayo fundi wa kile chuo cha ng'ambo, na fundi alistaafu kabla ya seva zake. Tulimpata kwa barua pepe. Alijibu kwa upole kwamba anafuga nyuki siku hizi na kichwa chake hakibebi tena nywila. Basi tukazifanya seva zenyewe kuwa wapitishaji, zikipokea vifurushi vya mashine pepe upande mmoja na kuvisukuma upande wa InfiniBand. Inafanya kazi. Mwanafunzi analalamika kwamba ni polepole, lakini mwanafunzi wa uzamili asiyelalamika yuko karibu kuacha shule.

Ikafika siku ya kupima. Dokta alivuta kiti akae karibu na skrini, anaisubiri 40 yake. Yakaanza makato. Kwanza, waya wa kizazi hiki hutuma biti kumi kwa kila nane za kweli, mbili zikiwa za kulinda mpangilio, kwa hiyo 40 ni 32 kabla hujagusa kitu. Kisha sloti ya kadi ndani ya seva ina mlango wake na ushuru wake. Kisha lile vazi la IP: kila kifurushi lazima kipite mikononi mwa mfumo endeshi, kinakiliwe, kikaguliwe, kipigwe mihuri yote ambayo InfiniBand iliumbwa ili kuikwepa. Kipimo kikatua kwenye kumi na kitu.

“Nyingine ziko wapi?” akauliza Dokta, kwa sauti ya mtu anayeulizia masurufu ya safari.

Nikaendesha kipimo kile kingine, kisichopita kwenye vazi, na namba ikapanda vizuri, lakini alikwisha ondoka. Hajakosea sana kukasirika. Ndani ya chumba kile, WRF inayotumia njia ya mkato inakimbia kweli. Kazi iliyokuwa ikikesha usiku kucha kwenye mashine zetu za zamani sasa inakwisha kabla ya chai ya saa nne. Ila ukivuka kizingiti cha mlango, matokeo yanakutana na intaneti ya jengo, na wanafunzi wamejifunza kutohangaika nayo. Wanabeba diski ya nje. Nilikaa nikapiga hesabu: diski ya terabaiti moja, ndani ya daladala, saa nzima hadi Mwenge, ni kama biti bilioni 2.2 kwa sekunde, foleni ikiwemo. Hakuna kiolesura chochote cha jengo letu kinachoukaribia mwendo wa konda wa daladala hiyo.

Nilisema ukumbuke kwamba Dokta alinakili namba. Aliiweka kwenye ripoti ya mwaka, chini ya kichwa “Miundombinu Iliyosimikwa”: violesura vya mtandao wa kasi, 24. Ripoti ikafika kwa wakaguzi. Mkaguzi wa mali akaja na jalada, kalamu mbili na karatasi ya lebo zenye namba.

“Nioneshe ib0.”

Nikamwonesha kwenye skrini.

“Hii ni skrini. Ina lebo yake tangu mwaka juzi. Mimi nataka ib0.”

“Haishikiki, mheshimiwa. Ni pepe.”

“Iliingia kwa hati gani ya mapokezi?”

“Haikuingia. Ilitengenezwa hapahapa.”

“Kwa malighafi gani?”

“Kwa amri.”

“Amri ya nani?”

“Yangu.”

Aliandika hilo kwa utulivu mkubwa. “Na seva ikizimwa?”

“Vinatoweka.”

Kalamu ikasimama. “Vyote 24?”

“Vyote. Umeme ukirudi navyo vinarudi.”

“Vilevile?”

Hapo ningeweza kusema ndiyo, na sote tungeenda nyumbani. Lakini nilikumbuka ile namba ya foleni, na mimi ni mtumishi wa umma. Nikasema vilevile, isipokuwa anwani ya baadhi yake inaweza kuwa imebadilika kidogo upande wa mbele.

Hoja ya ukaguzi ilifika kwa maandishi: vifaa 24 vya mtandao havikuonekana, mhusika anadai kwamba hutoweka umeme unapokatika, majibu yatolewe ndani ya siku 14. Niliandika kurasa tatu nikieleza tabaka za mtandao tangu waya hadi programu, na michoro. Zikarudishwa na alama ya kuuliza moja kubwa pembeni mwa mchoro wa kwanza.

Aliyetuokoa ni Mzee wa Ugavi. Alikuja chumba cha seva na zile lebo mkononi, akaziba sikio moja kwa sababu ya feni.

“Mwanangu, hivi vitu vyako, vikiwepo, vinapita wapi?”

“Kwenye hiyo swichi, mzee. Vyote.”

“Vyote 24 vinapita hapa?”

“Hakuna kinachopita pengine.”

Akavaa miwani. Akabandika lebo ubavuni mwa swichi, safu nne za sita sita, akizinyoosha kwa kidole moja moja. Mkaguzi alirudi siku iliyofuata, akazihesabu akitia vema kila namba, akahesabu tena kutoka chini kwenda juu, akafunga jalada na kunipa mkono.

Safu mbili za chini zimeziba matundu ya hewa. Swichi inachemka, na feni zimepandisha sauti ambayo hatukujua kwamba zinayo. Kijana wa mafunzo aliniletea kisu cha karatasi azibandue, nikamzuia kwa wakati. Kila moja imeandikwa kwa herufi nyekundu kwamba ni mali ya umma na kuiondoa ni kosa. Nimejaza fomu ya kuomba kuhamishia lebo 12 upande wa pili, na Ugavi wameniuliza nitaje kila kifaa kinahama kutoka chumba gani kwenda chumba gani.